UZI: Coaster ya kulala itakaa Makunduchi masika yote. Umeme, betri na unyevu

#1 Kidau_Kusini

Asalaam aleikum wana jukwaa.

Gari ni Coaster ya dizeli, 24V, imetolewa viti vingi na kutiwa kitanda, jiko la gesi, friji ya kompresa ya 12V na tangi la maji lita 100. Itaegeshwa Makunduchi, kiasi cha mita 300 kutoka pwani, kuanzia mwanzo wa Machi mpaka wiki ya Mwaka Kogwa, Julai. Katikati ya wiki haina mtu. Ijumaa na Jumamosi wanalala watu wawili.

Iliyomo sasa: paneli moja ya wati 150, betri moja ya gari N70, inveta ya wati 1000 ya bei nafuu. Jirani ana TUKUZA (umeme wa gridi wa kulipia kabla) umbali wa mita 20 na ameridhia tuvute waya kwake.

Nataka kujua vitu vitatu. Umeme utoshe hata mvua ikinyesha siku mbili mfululizo. Godoro na makabati yasiote ukungu. Na waya wa jirani uvutwe vipi usije kuua mtu.

#2 Maalim_Sola

Waaleikum salaam. Hesabu kwanza, paneli baadaye. Kwa siku ambayo watu wamo ndani:

Feni mbili za 12V, wati 15 kila moja, saa 10: 300 Wh (wati-saa).
Taa nne za LED za wati 5, saa 5: 100 Wh.
Friji: inakula wati 45 inapozunguka, na kwa joto letu itazunguka kiasi cha nusu ya siku: 540 Wh.
Simu, ruta, kompyuta: 200 Wh.
Pampu ya maji: haifiki 10 Wh.

Jumla ni kama 1150 Wh, yaani ampea-saa (Ah) 90 kwenye betri ya 12V. Siku mbili bila jua la maana ni 2300 Wh. Betri ya lithiamu (ile ya LiFePO4) ya 200 Ah inabeba 2560 Wh na unaweza kuila karibu yote. Ukitaka betri za maji ya asidi za sola, usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo utahitaji 400 Ah. Hizo ni betri nne nzito, na sakafu ya Coaster utaisikia ikilalamika.

N70 hiyo itoe kwenye hesabu. Ni betri ya kupigia stata, sahani zake nyembamba. Imetengenezwa kutoa ampea nyingi kwa sekunde chache, siyo kulisha friji usiku kucha. Ukiishusha mara thelathini, arubaini hivi, utaanza kuuliza kwa nini inajaa upesi na kuisha upesi.

Paneli: gawa 1150 kwa saa 3.5 za jua kamili (masika usijipe zaidi ya hapo), kisha ondoa asilimia 30 ya upotevu wa joto, waya na vumbi. Unapata kama wati 470. Paneli mbili za 250 zinakaa vizuri juu ya paa la Coaster. Chaja kontrola iwe ya MPPT (ile inayoshusha volti za paneli bila kupoteza wati), ampea 40, inayohimili volti 100 upande wa paneli. Zile za PWM zinaivuta paneli ishuke mpaka volti ya betri. Paneli ya 250 yenye seli 60 inafanya kazi kwenye volti 30, ukiifunga PWM kwa betri ya 12V zaidi ya nusu ya umeme wako umeutupa.

Jambo moja watu wa huku wanalisahau. Makunduchi iko zaidi kidogo ya nyuzi 6 kusini ya ikweta. Jua linapita utosini mwanzo wa Machi, halafu linahamia kaskazini mpaka Juni 21, adhuhuri linakuwa nyuzi 60 tu kutoka ardhini, upande wa kaskazini. Kwa hiyo kwa miezi yako yote, mnazi unaokuumiza ni ule ulio kaskazini ya gari. Ulio kusini hauna neno. Paneli ziinue nyuzi 10 mpaka 15 kuelekea kaskazini. Hata kama jua usilijali, mwinamo huo unafanya mvua ioshe vumbi na chumvi badala ya kutuama kwenye fremu.

#3 FundiAmpea

Maalim kamaliza hesabu. Mimi naongeza mahali ambapo mafundi wetu wanaharibu.

Coaster za dizeli nyingi ni 24V, betri mbili za 12V zimefuatana. Ukimwambia fundi unataka 12V ya redio na taa, ataichukua kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Siku ya kwanza kila kitu kinawaka. Baada ya mwezi betri uliyoinyonya iko 12.1V na mwenzake iko 13, alternata inazichaji zote kama kitu kimoja, ile iliyojaa inachemka mpaka inakauka na ile tupu haijai milele. Unanunua betri mbili mpya na kosa liko pale pale. Umeme wa nyumba uwe na betri yake, wa injini na zake, na visigusane. Ukitaka alternata ichangie, nunua kifaa cha kushusha 24V kuwa chaji ya 12V. Kwa gari itakayokaa miezi minne imesimama, hata hicho hukihitaji. Kuwasha injini bila kwenda kokote ili uchaji betri ni kuunguza dizeli na kujaza masizi ndani ya injini.

Waya. Friji inavuta ampea 4, lakini inapoanza inavuta zaidi, na ikiona volti chini ya kiwango inagoma. Mtu anasema friji mbovu kumbe waya. Fanya hivi: ampea 10, umbali mita 5 kwenda na 5 kurudi, waya wa 2.5 mm² unapoteza volti 0.7. Ukiwa wa 6 mm² unapoteza 0.3. Kwenye 230V volti 0.7 hakuna anayeijua, kwenye 12V ni karibu asilimia 6. Friji ipe 6 mm² yake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, fyuzi ampea 15.

Inveta ya wati 1000 ikifanya kazi kamili inavuta karibu ampea 100 kutoka kwenye betri. Waya wa 35 mm², usizidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 125 iwe karibu na kichwa cha chanya cha betri, ndani ya sentimita 20. Fyuzi inalinda waya. Ukiiweka upande wa inveta, kipande chote kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi, na hicho ndicho kitakachoshika moto kikisuguana na bodi. Halafu izime kabisa wakati huitumii: ikikaa tu bila kazi inakula wati 10, siku nzima ni 240 Wh, zaidi ya taa zako zote mara mbili.

Kwa pwani, tafuta waya wa shaba iliyopakwa bati, ule wa boti. Shaba tupu ndani ya miezi michache inageuka kijani na unga unaingia chini ya plastiki. Ukiukosa, bana kila kichwa kwa koleo la haidroli, tia mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, kisha grisi juu ya nati. Kusokota na selotepu, hapana.

#4 BiKarafuu

Kuhusu ukungu. Watu wanadhani bati linavuja, kumbe linatoa jasho.

Masika hewa ya usiku ni kama nyuzi 27 na unyevu asilimia 85. Hewa ya namna hiyo inaanza kuacha maji kwenye kitu chochote chenye nyuzi 24 kushuka chini. Paa la bati likitazama mbingu usiku linafika hapo bila taabu. Ndani, watu wawili waliolala wanatoa zaidi ya nusu lita ya maji kwa pumzi na jasho mpaka asubuhi. Gesi nayo: kila kilo moja ikiungua inatoa kilo 1.6 ya mvuke wa maji. Mtu anachemsha chai madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua, halafu anashangaa mto umelowa.

Mzunguko wenyewe uko hivi. Mchana jua likitoka hata saa moja, ndani kunafika nyuzi 40. Mbao, godoro na mapazia vinatoa maji yake kwenye hewa. Hewa hiyo isipotolewa, usiku bati likipoa maji yote yanarudi, yanadondoka nyuma ya mbao za dari, yanakaa pale. Miezi miwili ya mchezo huo na uvundo unausikia kabla hujafungua mlango.

Kwa hiyo feni ya kutoa hewa ifanye kazi zaidi mchana. Feni ya 12V ya sentimita 12, wati 3, tundu juu nyuma. Tundu la kuingiza hewa chini mbele, kubwa mara moja na nusu ya lile la kutolea. Gari lenu ndani ni kama mita za ujazo 20, feni moja inatosha. Ifunge iwake saa tatu asubuhi mpaka kumi na mbili jioni. Siku nzima haifiki 30 Wh.

Matundu yote yawe na wavu wa chuma wa tundu milimita 6 kwa ajili ya panya, na juu yake chandarua cha mbu. Panya akiingia wiki moja hakuna mtu, hesabu ya waya inaanza upya.

Godoro lisilale juu ya plaiwudi. Lala kwenye chaga, na chini ya chaga pabaki hewa sentimita 5 au zaidi. Katikati ya wiki lisimamishwe kwa ubavu, lisiguse bodi. Friji mkiondoka: zimeni, futeni, mlango uachwe wazi kwa kijiti.

#5 Mkaazi_wa_Fuoni

Dada, kwa nini asifunge kila tundu kwa tepu na kuweka vile vikopo vya kunyonya unyevu? Madukani vipo vingi.

#6 BiKarafuu

Kaka, vile ni kloridi ya kalsiamu. Vinafanya kazi kwenye kabati lililofungwa vizuri, siyo kwenye Coaster yenye madirisha ya kuteleza na milango ya mpira uliokauka. Ukifungua tundu na kuweka vikopo kwa pamoja, unajaribu kukausha Bahari ya Hindi. Chagua moja. Hewa ipite, au funga kabisa na kausha kwa mashine.

Na maji yale ya kikopo ni brini, maji ya chumvi kali. Kikipinduka kwenye sakafu ya chuma, wiki hiyo hiyo kutu inaota.

Tena mnisikilize vizuri hapa. Kupitisha hewa peke yake hakukaushi kuliko hewa ya nje, na ya nje masika ni asilimia 85. Ukitaka chini ya hapo, pasha joto kidogo. Hewa ya nyuzi 27 yenye asilimia 85 ukiipandisha ifike nyuzi 30, bila kuongeza wala kupunguza tone la maji, inashuka mpaka kama 71. Ndiyo sababu wazee walikuwa wanawasha globu ya wati 40 ndani ya kabati la nguo. Bado inafaa, ila globu iwe ndani ya kizimba cha waya, nguo ziwe mbali nayo sentimita 30, na umeme uwe wa TUKUZA. Siku nne mfululizo ni uniti 3.8, paneli msiiguse kwa kazi hiyo.

#7 FundiAmpea

Au mashine ya kukausha hewa ya kompresa, wati 200 hivi. Kwa joto letu inafanya kazi vizuri sana, na hapo ndipo madirisha na matundu yafungwe. Saa sita kwa siku kwa taima, uniti 1.2. Mpira wa maji utoke kwa tundu la sakafuni, usitegemee ndoo yake, ikijaa inajizima na hamna mtu wa kuimwaga. Msinunue zile ndogo zisizo na kompresa, zinakula umeme zinatoa kijiko.

#8 Jiwe_la_Uwanda

Waya wa jirani sasa, maana hapa ndipo penye mauti.

Mita 20, waya wa nyuzi tatu 2.5 mm², wa mpira mweusi wa nje. Ule mweupe bapa wa kupitishia ndani ya ukuta jua litaupasua kabla ya Kogwa. Hasara ya volti kwa umbali huo ni ndogo, ampea 10 hazipotezi volti 3. Kama ni ekstensheni ya gurudumu, ifungue yote hata kama unahitaji mita tano tu. Ikibaki imezungushwa inajipasha yenyewe mpaka plastiki inaungana.

Kwa jirani, waya utoke kwenye breka yake ya ampea 16 na kikata-umeme cha uvujaji cha milliampea 30, kile mafundi wanakiita RCD. Kiwe kwa jirani, mwanzo wa waya. Kikiwa kwenye gari, waya wa nje mtoto akiukata kwa jembe hakuna kinachomlinda. Bonyeza kitufe chake cha majaribio kila mwezi, kisipokata kibadilishwe siku hiyo.

Uwandani huwezi kupigilia fimbo ya ethi mita moja na robo, jiwe liko chini ya nyayo. Watu wanaikata fimbo iwe futi moja wanapigilia kwenye mchanga na kujiona wamemaliza. Chimba mfereji kadiri jiwe linavyoruhusu, laza waya wa shaba tupu wa 16 mm² urefu wa mita 6 au zaidi, fukia kwa udongo mwekundu, si kwa kifusi cha mawe. Usimwage chumvi, inapunguza ukinzani mwaka mmoja na kula shaba miaka yote. Ukipata chini ya ohmu 200, RCD ya milliampea 30 itafanya kazi yake bila wasiwasi. Bodi ya gari na fremu ya paneli zifungwe kwenye ethi hiyo hiyo kwa waya wa 6 mm².

Waya haufukiki kwenye jiwe, basi upite juu, mita 3.5 kwenda juu, umefungwa kwenye kamba ya chuma ili usijibebe wenyewe. Usipite juu ya mchanga ambapo watoto na mbuzi wanapita.

Umeme ukikatika ukarudi, mashine ya kukausha isianze papo hapo. Weka gadi ya friji, ile inayosubiri dakika tatu mpaka tano na kukata volti zikiwa chini au juu mno. Jioni mwisho wa laini volti zikishuka chini ya 190 kompresa inanguruma bila kuzunguka, ndivyo inavyoungua.

#9 Maalim_Sola

Niongeze kwa anayesema "kama kuna TUKUZA sola ya nini". Umeme wa Unguja unavushwa kutoka bara kwa kebo ya baharini inayotokea upande wa Fumba. Mei 2008 kisiwa kilikaa takriban mwezi bila umeme, na kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 miezi mitatu. Kebo ya pili ya megawati 100 ilikuja 2013, hali si ile tena, lakini nguzo ya kijijini ikianguka masika unaweza kungoja siku mbili. Friji ipewe sola. Globu na mashine ya kukausha zipewe gridi, zikikosa umeme siku mbili hakuna samaki anayeoza.

Chaja ya gridi nayo iwepo, ampea 30. Inarudisha zile Ah 90 kwa saa tatu na kitu, kwa uniti kama moja na nusu.

#10 MpembaUghaibuni

Samahani kwa kuingilia. Niko Uingereza, nina gari la kulala la kawaida, limeegeshwa mbele ya nyumba tangu Novemba. Nimesoma uzi wote na kila mtu anaogopa joto na jasho. Huku usiku nyuzi 4 chini ya sifuri. Kipi kinabadilika?

#11 Maalim_Sola

Ndugu yangu, fizikia ni ile ile ila wewe una nafuu moja na hatari tatu.

Nafuu: hewa ya baridi haina maji mengi ndani yake. Hewa ya nje ya nyuzi 5 yenye asilimia 90 ukiipasha mpaka 15 inashuka kuwa chini ya 50. Kwa hiyo acha tundu la hewa wazi na washa hita ndogo. Huku tunapigania kushuka mpaka 70, wewe unafika 50 kwa kupasha tu.

Hatari ya kwanza ni maji. Kama hulali humo, toa maji yote: tangi, hita ya maji, pampu, na bomba zote ziachwe wazi nusu, siyo zimefungwa, ili tone lililobaki likiganda lipate pa kutanuka. Mtego wa sinki na choo utie dawa ya kuzuia kuganda isiyo na sumu, ile ya propilini glaikoli. Pampu na bomba la kuogea ndivyo vinavyopasuka kwanza.

Ya pili betri. Lithiamu usiichaji ikiwa chini ya sifuri, hata kama unaona inapokea. Madini yanajipaka juu ya sahani na hayarudi tena. Betri ya asidi iliyojaa haigandi kwa baridi ya huko, lakini iliyoisha inaweza kuganda kwenye nyuzi 7 au 10 chini ya sifuri na kupasua kasha. Basi asidi iwe imejaa muda wote, lithiamu iachwe nusu na izimwe. Sola ya Disemba huko usiihesabu, ukipata saa moja ya jua la maana kwa siku umebahatika.

Ya tatu gesi. Butani inagoma kutoka kwenye chupa karibu na sifuri. Tumia propani, hiyo inatoka mpaka nyuzi 42 chini.

#12 FundiAmpea

Na kama unalala humo, hita ya dizeli ya kilowati 2 inakula kati ya lita 0.1 na 0.25 kwa saa. Inapowaka mara ya kwanza plagi yake ya kupasha inavuta ampea 8 mpaka 10 kwa dakika chache, baadaye ni ampea moja au mbili za feni. Betri ikiwa dhaifu inashindwa hapo kwenye kuwaka, inaonyesha hitilafu, na mtu anabadilisha pampu ya mafuta bure. Usiiwashe na kuizima kila nusu saa, wala usiiache siku nzima kwenye moto mdogo kabisa. Inajaa masizi.

Ukichomeka kwenye soketi ya nyumba ya ampea 13, hita za umeme zote pamoja zisizidi kilowati 2 kwa muda mrefu. Plagi ukiigusa ni ya moto, punguza.

#13 MpembaUghaibuni

Shukran sana. Bomba zilikuwa zimefungwa. Nazifungua sasa hivi.

#14 BiKarafuu

Kabla hatujasahau, kwa wa huko na wa huku: jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari. Masika mvua ikipiga watu wanaliingiza "mpaka lipoe". Mkaa unaopoa bado unatoa kaboni monoksaidi nyingi, haina harufu, na watu wanalala wasiamke. Kufungua dirisha moja hakutoshi. Kifaa cha kupigia king'ora cha gesi hiyo kiwekwe usawa wa kichwa cha kitanda. Na jenereta vivyo hivyo, moshi wake uwe mita 6 au zaidi kutoka kwenye gari na upande ambao upepo unakwenda, siyo unakotoka.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Chini ya kabati la mtungi pawe na tundu la sentimita 5 linalotokea nje, sakafuni kabisa. Tundu la juu halisaidii kitu.

#15 NahodhaMstaafu

Sijaona mtu amesema gari litazame wapi. Kuanzia Aprili upepo unageuka kuwa kusi, unatoka kusini. Kusi inaleta chumvi na mvua ya kulala. Mlango wa Coaster uko kushoto. Pua ikitazama kaskazini mlango unakuwa magharibi, kwenye kivuli cha upepo. Madirisha ya nyuma ndiyo yatakayopigwa, hayo yazibwe kwanza.

#16 Jiwe_la_Uwanda

Mzee wangu, nakubali kwa upepo, lakini hapo ubavu mrefu unapokea jua lote la alasiri. Weka turubai upande wa magharibi, sentimita 20 mbali na bodi ili hewa ipite, hapo tumeelewana.

#17 NahodhaMstaafu

Hewalla.

Kuziba: silikoni ya madirisha ya nyumba inabanduka na baada yake hakuna rangi wala gundi inayoshika. Tumieni poliyurithini, ile wanayotumia wa boti za faiba. Kwaruza ya zamani yote, futa kwa spiriti, paka, subiri siku mbili kabla ya maji. Hii si jahazi, pamba na sifa (mafuta ya papa) mwachieni fundi wa kalafati. Kupima: mtu mmoja ndani na tochi, mmoja nje na mpira wa maji, aanze chini apande juu pole pole, dakika kumi kila upande. Ukianza juu, maji yanatiririka na hutajua yameingilia wapi.

Breki ya mkono isivutwe, la sivyo Julai ngoma zake zimeshikana na kutu. Tia gia, weka kabari za mti mbele na nyuma ya magurudumu. Tangi la dizeli lijazwe mpaka juu, nafasi tupu ndiyo inayotoa jasho na kutia maji kwenye mafuta. Betri za injini toa waya wa hasi. Chini ya gari osha kwa maji baridi ya kisima kisicho na chumvi kabla ya kuegesha, kausha siku mbili, halafu paka dawa ya kuzuia kutu. Oili chafu msipake, inavimbisha mipira ya springi.

Na msiegeshe chini ya mnazi. Nazi moja na paneli ya 250 imekwisha.

#18 Kidau_Kusini

Mashallah, Mungu awape kheri. Hivi ndivyo itakavyokuwa: lithiamu 200 Ah chini ya kiti cha nyuma juu ya injini, paneli mbili za 250 kwa mfuatano, MPPT 40A, chaja 30A, feni ya kutoa hewa, mashine ya kukausha ya TUKUZA, RCD kwa jirani, mfereji wa ethi mita 6, pua kaskazini. Kuna kosa?

#19 FundiAmpea

Sheikh, mawili.

Coaster injini iko mbele, nyuma hapo hakuna injini, kwa hiyo usiogope joto la injini, ogopa bodi. Kama kiti hicho kinagusana na ubavu wa magharibi, mchana kasha la betri litapita nyuzi 45 na maisha yake yanapungua. Ihamishie katikati ya gari, sakafuni, na nyuma yake pabaki hewa. Siku hamna mtu, iache kwenye asilimia 60, siyo imejaa. Kwenye kontrola weka volti ya kujaza 14.2 na ya kukaa 13.4.

La pili, mashine ya kukausha na feni ya kutoa hewa haviendi pamoja, Bi Karafuu amekwisha sema. Mkiwemo, feni. Mkiondoka Jumapili, ziba matundu kwa vifuniko vya sponji, zima feni, washa mashine kwa taima. Andika kwenye karatasi ubandike mlangoni, maana atakayefunga gari si lazima awe wewe.

#20 Kidau_Kusini

Sawa, betri inahamia chini ya meza ya kulia. Jumamosi tunaanza na mfereji.